Kadi ngumu, cheti laini

Basi la kutoka Mombasa likikaribia Witu, abiria hushushwa, hujipanga kando ya barabara na kupita mmoja mmoja mbele ya askari, kitambulisho mkononi. Ukaguzi huu ulikazwa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na msafiri wa Lamu ameuzoea kiasi cha kuuhesabu ndani ya muda wa safari, pamoja na boti ya kuvukia kutoka Mokowe. Askari hutazama picha, hutazama uso, hurudisha kadi. Muda huo hautoshi kusoma jina la tatu la mwenyewe, seuze kuigeuza kadi kwenye mwanga au kupapasa ukingo wake.

Naitaja foleni hiyo kwa sababu mjadala wetu wa vitambulisho huanzia pengine kabisa: kiwandani. Kila kadi mpya inapotangazwa, tunasimuliwa habari za plastiki na chipu, kisha tunahakikishiwa kwamba haighushiki. Tuliyasikia mwaka 2019 kuhusu Huduma Namba, ile namba moja ya serikali ya kumsajili kila mtu, tukayasikia tena mwaka 2023 ilipoingia mrithi wake, Maisha Namba, na kadi yake yenye chipu. Sina ugomvi na wahandisi. Kazi yao ni nzuri, na nitaieleza. Ugomvi wangu ni juu ya mahali tunapomwaga fedha na akili. Kabla ya kadi kuna karatasi iliyotumika kuipata, na baada yake kuna jicho linaloisoma. Tumeimarisha katikati, ncha mbili tumeziacha wazi.

Basi tuanze na hiyo katikati, maana inastahili.

Kitambulisho cha Kenya cha kizazi cha pili, kilichoanza kutolewa mwaka 1995, kimelaminetiwa. Mvuvi wa Kizingitini anayekitia mfukoni mwa kaptura miaka nenda miaka rudi anajua mwisho wake: chumvi na unyevu huingia pembezoni, tabaka zikaanza kuachana. Kwa mwenye kadi huo ni uchakavu tu. Kwa mghushi ni mlango. Ufundi wa zamani wa kughushi ulikuwa huo: fungua ukingo kwa wembe na joto kidogo, ondoa picha, weka nyingine, bana upya. Karatasi, wino na namba vyote vinabaki halali. Uso peke yake ndio umebadilika.

Dawa ya ugonjwa huo ni polikaboneti, plastiki inayotumika siku hizi kwenye vitambulisho na kurasa za data za pasipoti katika nchi nyingi. Tabaka zake huunganishwa kwa joto kali na shinikizo, bila gundi, zikipoa zinakuwa kitu kimoja. Hakuna tabaka la kubandua. Ukijaribu kuipasua, utapata vipande vya kadi, si kurasa za kadi. Na maandishi hayachapwi juu yake. Mwali wa leza hupita katika tabaka la juu linaloonyesha, ukaunguza chembe za kaboni zilizo ndani, jina na picha vikajiandika kwa weusi katikati ya mwili wa plastiki. Ndiyo maana picha hizi hazina rangi, na hata aliyekwenda kwa mpiga picha akiwa amejipamba hutoka kijivu. Picha ya rangi ingependeza zaidi, lakini wino wa rangi kwa kawaida hukaa karibu na uso wa kadi, na kilicho juu kinaweza kukwanguliwa.

Leza ina tabia moja inayonifurahisha: inaweza kuongeza weusi, haiwezi kuuondoa. Mghushi aliyepata mashine ya leza anaweza kuigeuza 3 kuwa 8, lakini 8 haitarudi kuwa 3. Tuseme basi ana kadi ya mtu aliyezaliwa tarehe 12 Desemba 1963 na anataka ionekane ni 1968. Juu ya kadi kazi ni rahisi. Shida itamngoja kwenye mistari ile ya herufi na alama za mishale inayosomwa na mashine, ambayo kanuni zake zimewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Humo tarehe huandikwa 631212, na kila tarehe hufuatwa na tarakimu ya ukaguzi. Zidisha tarakimu zake kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena: 42, 9, 1, 14, 3, 2. Jumla ni 71, ukigawanya kwa 10 kinabaki 1. Hiyo 1 ndiyo inayoandikwa mbele. Sasa weka 681212. Jumla inakuwa 86, na tarakimu inapaswa kuwa 6. Mghushi wetu amekwama na 1 iliyochorwa ndani ya plastiki, anatakiwa aifanye 6 kwa kuongeza weusi tu, katika herufi ambazo umbo lake limewekewa kipimo. Na akifaulu hapo, mwishoni mwa mstari kuna tarakimu nyingine inayojumlisha sehemu zote kwa pamoja.

Hesabu hiyo ya darasa la sita, juu ya plastiki hiyo, ni ulinzi mkubwa kuliko hologramu inayong'aa. Hologramu inapendwa kwa sababu inaonekana. Lakini mtu asiyejua ya kweli inapaswa kubadilika vipi akiiinamisha, huridhika na chochote kinachometameta, na stika za kumeta zinauzwa madukani.

Usuli wa kadi na wa karatasi za usalama nao una mambo yake. Mistari ile myembamba inayozungukana mithili ya maua huchapwa kila rangi kwa wino wake kamili, na mara nyingi rangi moja huyeyukia katika nyingine hatua kwa hatua ndani ya mstari uleule. Printa ya kawaida haina wino huo. Inatengeneza kila rangi kwa kumwaga vitone vya rangi nne, na ukiweka kioo cha kukuzia cha fundi saa utaviona vitone hivyo vimetawanyika pale ambapo mstari ulipaswa kuwa mzima. Maandishi madogo kabisa, ambayo kwa jicho ni mstari tu, kwenye kopi hugeuka ukungu.

Karatasi halisi ya usalama hutengenezwa bila kemikali za kung'arisha weupe, kwa hiyo chini ya tochi ya mwanga wa urujuanimno hubaki imefifia, nyuzi zilizofichwa ndani yake tu ndizo zinazowaka. Karatasi ya dukani huwaka samawati yote. Hapa kuna mtego ambao wakaguzi wapya huingia: sabuni ya unga ya kufulia ina kemikali hizohizo. Hati halali iliyosahauliwa mfukoni na kufuliwa pamoja na kikoi itawaka chini ya tochi, na mwenyewe ataitwa mghushi bure.

Wataalamu hupanga alama hizi kwa ngazi tatu. Kuna zile za jicho na kidole, zisizohitaji chombo. Kuna zinazohitaji tochi, kioo cha kukuzia au kisomaji. Na kuna zile za maabara, ambazo hata aliyeko dirishani haambiwi zipo. Mpangilio mzuri, ila una sharti moja ambalo kwetu halijatimizwa: kwamba katika kila ngazi yupo mtu anayejua atafute nini.

Noti mpya zilipotolewa mwaka 2019, Benki Kuu ya Kenya ilifanya kazi ya kueleza umma: shika hapa, tazama kwenye mwanga, inamisha uone uzi ukibadilika. Mama muuza samaki alijifunza noti ya shilingi 1,000 kabla ya watoto wake. Sikumbuki juhudi kama hiyo kwa kitambulisho, ingawa wakala wa M-Pesa, karani wa benki, mwenye nyumba ya wageni na askari wa barabarani wote hukidai kila siku. Wanakidai, wanaandika namba, basi.

Jicho lililofundishwa si jambo geni Lamu. Hapa kofia iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono huuzwa ghali, na za mashine zimejaa. Lakini mzee wa Amu humuuzii ya mashine kwa bei ya mkono. Ataipindua ndani nje, atapitisha kidole kwenye vitobo, atakurudishia bila maneno mengi. Kinachomlinda mnunuzi huyo si uzi, ni kwamba anajua pa kupapasa. Kadi yetu ina uzi mzuri kuliko kofia yoyote, na wanunuzi wake hawajawahi kuipindua.

Mtu atasema: ndiyo sababu tukaweka chipu, tusimtegemee mwanadamu. Chipu kweli ni hatua kubwa. Pasipoti ya kielektroniki ya Kenya, iliyozinduliwa mwaka 2017, inabeba ndani yake jina, tarehe na picha, vyote vikiwa vimetiwa sahihi ya kidijitali ya serikali. Ukibadilisha herufi moja, sahihi inavunjika. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuihakiki sahihi hiyo hakuhitaji intaneti. Kisomaji kinahitaji kuwa na ufunguo wa wazi wa nchi iliyotoa hati, yaani namba isiyo siri ya kuhakikia sahihi yake, uliohifadhiwa ndani yake mapema. Mengine ni hesabu. Kwa Kiunga na Ishakani, ambako huwezi kuutegemea mtandao, hilo ni tofauti kati ya ukaguzi unaowezekana na ndoto.

Lakini kisomaji kiko wapi? Mahali pasipo na kisomaji, chipu ni kipande cha silikoni kinachosafiri bure. Kadi ya kielektroniki inakaguliwa barabarani kwa namna ileile ya kadi ya 1995: picha, uso, pita. Wala chipu yenyewe si kinga ya milele. Estonia, nchi inayosifiwa kuliko zote kwa vitambulisho vya kidijitali, iligundua mwaka 2017 kwamba chipu za kadi zake karibu 750,000 zilikuwa na kasoro katika kutengeneza funguo, ikalazimika kusimamisha vyeti vyake vya kidijitali na kuvisasisha. Waliweza kwa sababu kila kadi ilikuwa na njia ya kufikiwa. Sijui sisi tungemfikia vipi mwenye kadi aliyeko Ndau.

Na sasa ile ncha ya kwanza, iliyo mbaya zaidi.

Kadi hailindi ukweli. Inalinda kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa kilikuwa uongo tangu siku ya kwanza, polikaboneti itaulinda uongo huo kwa uaminifu uleule. Mwaka 2009 Uingereza iliwawekea raia wa Afrika Kusini sharti la viza, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu wasiostahili walikuwa wakipata pasipoti halisi za nchi hiyo kwa njia ya magendo. Halisi, si bandia. Zilitoka kwenye mashine ya serikali, zikiwa na alama zote za usalama. Tochi yoyote ingezipitisha.

Lamu haina haja ya kwenda Pretoria kutafuta mfano. Oktoba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za ardhi za ekari 500,000 katika kaunti hii, zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22, akisema zilipatikana kwa njia za kifisadi. Hakuna aliyedai kwamba karatasi zile zilichapwa uchochoroni. Lawama ilikuwa juu ya jinsi zilivyotolewa. Nusu milioni ya ekari, na hakuna hologramu ambayo ingetoa onyo.

Karatasi inayozaa kitambulisho ni cheti cha kuzaliwa, na cheti nacho huzaliwa na karatasi nyingine. Mtoto akizaliwa hospitalini, mhudumu wa afya hujaza taarifa. Akizaliwa nyumbani kwa mkunga, kama walivyozaliwa wengi katika visiwa hivi, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu. Hiyo ndiyo mbegu ya kila kitu: fomu iliyojazwa kwa kalamu, ikigongwa muhuri wa mpira. Muhuri ambao fundi yeyote wa mihuri mjini anaweza kukuchongea ukimwachia mfano. Juu ya karatasi hiyo tunajenga kadi ya leza.

Upande wa pili wa jambo hili husahauliwa na wale wanaoandika kuhusu usalama wakiwa Nairobi. Mlango huohuo unaompitisha mwongo kwa hongo ndio unaomfungia mkweli. Wabajuni wengi, wenyeji wa pwani na visiwa hivi, walihama vijiji vya bara wakati wa vita vya Shifta, vile vya waliotaka kaskazini mashariki ijitenge na Kenya, kati ya 1963 na 1967, wakaishia visiwani, Malindi na Mombasa, na karatasi walizokuwa nazo, kama zilikuwapo, hazikuhama nao. Wajukuu wao walipokwenda kuomba vitambulisho, wakapelekwa mbele ya kamati za msasa: leta kitambulisho cha babu, leta wazee wa kukushuhudia, rudi wiki ijayo. Mtu wa kabila jingine, umri uleule, cheti kilekile, hakuulizwa hayo. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada. Ni jambo la haki. Hata hivyo kuondoa kamati bila kuimarisha cheti kunaacha karani na wasiwasi uleule aliokuwa nao jana, na karani mwenye wasiwasi hubuni msasa wake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouona ughushi kama uhalifu wa wageni tu. Soko la hati za bandia hustawi mahali ambapo hati halali ni ghali kwa muda, nauli na fedheha. Kijana anayehitaji laini ya simu na kazi ya ujenzi bandarini Kililana, naye ameambiwa arudi wiki ijayo kwa mara ya tano, ni mteja wa mtu fulani. Hamuombi amtengenezee uraia, anao. Anamwomba karatasi ya kuuthibitisha. Kumkamata huyo na kumwita tishio la usalama ni kumwadhibu kwa kosa la ofisi.

Alama za vidole nazo hazikuondoa tatizo hili. Kule jirani zetu Garissa, maelfu ya Wakenya waliosajiliwa kambini Dadaab wakiwa watoto, familia zao zikitafuta chakula wakati wa ukame, walikuja kunyimwa vitambulisho walipokua, kwa sababu vidole vyao vilikuwa kwenye orodha ya wakimbizi. Mashine ilisema kweli kuhusu vidole na ikakosea kuhusu watu. Wala vidole si teknolojia mpya kwetu. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 abebe kipande chenye alama za vidole vyake, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Serikali ile ilijua kuhakiki mwili wa mtu vizuri sana. Wanawake hawakuingizwa kwenye usajili hadi marekebisho ya 1978, na ndiyo maana nyumba nyingi hapa zina bibi ambaye mwaka wake wa kuzaliwa ni wa kukadiria.

Nini basi kifanyike? Ningeanza chini. Cheti cha kuzaliwa, na hata ile fomu ya taarifa ya naibu wa chifu, vipewe alama ya mraba ya kusomwa na simu, ndani yake mkiwa na jina, tarehe, wazazi na namba ya cheti, vyote vikiwa vimetiwa sahihi ya kidijitali. ICAO tayari ina kiwango cha mihuri ya aina hii, na inaweza kuchapwa kwenye karatasi ya kawaida. Mghushi anaweza kunakili alama yote, lakini hawezi kubadilisha jina lililomo ikabaki halali. Tahadhari moja: isiwe alama inayofungua tovuti tu. Dunia iliona wakati wa korona jinsi wauzaji wa vyeti vya kupimwa walivyotengeneza tovuti zao wenyewe, mkaguzi akaskani na kuona tiki ya kijani iliyowekwa na mwizi. Sahihi iwe ndani ya alama, na programu ya kuihakiki itolewe na serikali, ifanye kazi bila mtandao.

Sahihi hiyo haitamzuia ofisa aliyehongwa kuutilia sahihi uongo. Lakini muhuri wa mpira hausemi ulishikwa na nani. Ufunguo wa kidijitali wa ofisi fulani, uliotumika saa fulani, unaacha alama, na vyeti 40 vilivyotoka usiku mmoja katika lokesheni yenye nyumba 200 vitaonekana hata na mkaguzi mvivu.

Barabarani, ningetaka askari apewe mafunzo ya nusu siku, tochi ya urujuanimno na programu ya kusoma hati kwa simu. Simu nyingi za sasa zenye NFC, uwezo wa kusoma chipu kwa kuisogelea, zinaweza kusoma chipu ya pasipoti bila kifaa cha ziada. Jibu la programu liwe fupi: hati ni halali au si halali, na isihifadhi chochote. Wakazi wa Lamu wana sababu ya kutotaka kila safari yao ya Mombasa iingizwe kwenye daftari la mtu. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa kwanza. Tathmini hiyo ifanywe kabla ya askari wa kwanza kupewa programu, na ichapishwe kwa Kiswahili.

Kati ya mambo hayo mawili, fedha zikiwa chache, ningechagua cheti. Kinahitaji printa ya kawaida, ufunguo unaotunzwa vizuri, na naibu wa chifu wa Faza au Kiwayu anayejua kwamba jina lake litabaki ndani ya kila fomu aliyoipitisha.